Usiionee Haya Kamera Yako ya Kioo

Mdogo wangu, njoo tukae hapa pembeni, maana hili la kamera naona linakunyima usingizi. Umekuwa ukiniuliza kwa kuzungukazunguka. Mara "dada, hivi mirolesi ni nzuri kiasi hicho?" Mara "dada, nikiuza hii Canon 600D yangu nitaambulia ngapi?" Sikukuita nikucheke. Vijana wengi wanaoshika kamera wana swali hilo hilo, ila wengine wanaona aibu kuliuliza, wanakwenda kukopa kimyakimya.

Najua na lilikoanzia. Ulikuwa kwenye sendofu ya watu, umesimama na kamera yako ya mwaka 2011 iliyochubuka pembeni, akatokea mwenzio na kakamera kadogo kifuani, kepesi, hata mlio hakatoi. MC akamwita yeye mbele ya keki. Wewe ukaanza kuificha yako kwa kiganja. Tangu siku hiyo kila picha unayopiga unaiona mbaya, hata zile ambazo wenye sherehe walizisifia. Hicho ni kidonda cha moyoni, mdogo wangu, na duka la kamera haliuzi dawa yake. Ukiingia dukani kingali kibichi, muuzaji anakuona tangu mlangoni.

Hebu tuvitazame vyombo vyenyewe, tuache maneno ya watu. DSLR yako ina kioo kidogo ndani. Mwanga ukipita kwenye lenzi unagonga kioo, unapandishwa mpaka kwenye kitundu unachochungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, picha inapigwa, kinarudi chini. Ule mlio wa "kacha" unaowageuza watu shingo kanisani unatoka hapo. Kwenye mirolesi kioo hakipo. Sensa, ile sahani ndogo inayopokea picha, inaona mwanga muda wote na kukuonyesha kwenye skrini. Basi, ni hilo tu. Wala si jambo la jana, Panasonic walianza kuuza Lumix G1 mwaka 2008.

Faida yake kubwa nitakwambia, maana sipendi kumnyima mtu haki yake. Chukua bibi harusi aliyevaa shela jeupe pe, uso wake wa maji ya kunde, amesimama juani nje ya kanisa. Kamera, yoyote ile, inapima mwanga kwa kutafuta wastani. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Shela linatoka zuri, uso unatoka mweusi tii hata mama yake hamtambui. Kwenye DSLR, kile kitundu kinakuonyesha kama jicho lako linavyoona, bibi harusi anang'aa, unabonyeza kwa raha zako, aibu unaikuta baadaye kwenye kompyuta. Mirolesi inakuonyesha uso umeshaingia giza kabla hujabonyeza, kwa hiyo unarekebisha pale pale. Huko unaonja mchuzi ungali jikoni. Huku unapakua kwanza, wageni ndio wanaokwambia chumvi haitoshi.

Lakini nisikilize. Hiyo 600D yako ina kitufe kimeandikwa Av na alama ya kujumlisha na kutoa. Kishike, zungusha kile kigurudumu cha juu, panda hatua moja, piga, tazama. Ukiweka mtindo wa Av unafanya hivyo kwa sekunde mbili. Wangapi mnaomlilia dada kamera mpya mmewahi kukigusa kitufe hicho? Msinijibu, naona mnavyotazama chini. Wala si dhambi, hakuna aliyewafundisha.

Tukija kwenye video, hapo sina cha kuitetea kamera yako. 600D ikirekodi haimfuati mtu kwa fokasi. Bwana harusi akipiga hatua mbili kuja kwako, anageuka ukungu. Tena ikifika dakika kama 12 za video ya ubora wa juu, faili linajaa, kamera inakata, na huwa inakata pale baba mzazi alipoanza kulia. Canon R50 ya mwaka 2023 inashika jicho la mtu na kulifuata anakokwenda, inarekodi video ya 4K, inakwenda mpaka saa nzima. Kama wateja wako wanakulipa kwa video, na nasema wanakulipa, sisemi unaota watakulipa, basi una sababu. Nenda kanunue, dada yako nitakushangilia.

Kwa picha za mnato, punguza jazba. Kamera yako ina megapikseli 18. Kuchapa picha safi ya ukubwa wa A4 hazihitajiki hata 9. R50 ina 24, na ukumbini kwenye giza inachafuka chembechembe kidogo kuliko yako, huo ni ukweli. Ila tazama lenzi inayokuja nayo, ile 18-45. Ukiivuta mpaka mwisho tundu lake linabana hadi f/6.3. Sasa chukua lenzi ya 50mm yenye f/1.8, ile fupi nyepesi ambayo mafundi wengi wanayo kwenye begi, uiweke kwenye 600D yako. Inapitisha mwanga zaidi ya mara kumi ya ule. Mara kumi, mdogo wangu! Mwenzio akibaki na lenzi yake ya dukani, sensa yake mpya haitaziba pengo lote hilo, na wewe hukuingia kwenye deni la mtu.

Sharti ujifunze, lakini. Ukifungua f/1.8 sehemu iliyo kwenye fokasi inakuwa nyembamba, pua inatoka kali na macho yanafifia. Kamera yako ina nukta 9 za fokasi, na ile ya katikati ndiyo ya kuaminika. Iweke jichoni, bonyeza nusu, panga picha yako, malizia. Mirolesi inakutafutia jicho yenyewe, ndiyo maana mtu akiizoea hataki kurudi nyuma. Simlaumu.

Sasa nikupe yale ambayo muuzaji hatakupa. Begi lako lina flashi, si ndiyo? Umeinunua kwa jasho, umeifunga na utepe mfuniko wa betri ulipokatika. R50, pale juu panapochomekwa flashi, haina vile vidoti vya chuma vya zamani, hata kile cha katikati hakipo. Ina safu ya vijino vipya. Flashi yako itakaa pale inakutazama tu mpaka ununue adapta, Canon wanaiita AD-E1. Lenzi zako za zamani nazo haziingii moja kwa moja, zinataka adapta yake, EF-EOS R. Ukiipata zinafanya kazi vizuri kabisa, hapo siwezi kuwasema Canon vibaya. Ila ni pesa nyingine, na wewe ulishapiga hesabu ya kamera peke yake. Kikoba hakikukopesha kwa ajili ya vijiadapta.

Halafu betri. Kamera ambayo skrini yake iko macho kutwa inakula. Kwa vipimo vya Canon wenyewe, R50 inapiga picha kama 370 kwa chaji moja, na ukitumia kitundu cha kuchungulia zinashuka kwenye 310. Yako inapiga 440. Kuna Nikon D3500, nayo ni DSLR ya wanaoanza, inafika 1,550. Harusi zetu mnazijua, mnaanzia saluni asubuhi, mnamaliza saa sita usiku watu wakigombania pilau la kufungasha. Kamba hukatikia pembamba. Ukinunua mirolesi bila betri mbili za akiba, utakuwa unatafuta soketi nyuma ya spika za DJ huku bibi harusi anaingia.

Na ile hali ya ukimya inayokuvutia, kweli inasaidia wakati wa ndoa kufungwa. Chini ya taa za LED za ukumbini, hata hivyo, inaweza kukuletea mistari picha nzima. Ijaribu kwanza kwenye sherehe ya ndugu, siyo kwa mteja aliyelipa.

Wapo watakaoniambia, "dada, hizo za kioo zimekufa." Hazijafa, ila ni kweli tangu 2020 Canon hawajatoa DSLR mpya, nguvu zao wamezihamishia kwenye familia ya R. Kwa hiyo ipo siku utahama, wala sikukatazi. Ninachokataa ni kuhama kwa hasira za ukumbini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lenzi za EF Canon walianza kuzitoa mwaka 1987, zimejaa mitaani, na utakapohama utahama nazo kwa ile adapta. Kwa hiyo anza na lenzi, halafu flashi nzuri, kamera ije ikiitwa na kazi. Wale mnaopanga kuuza DSLR leo ili kuongezea mkopo, mnafikiria mkopo utalipwa na nini wiki ambayo hakuna sherehe? Kwaresima inakuja kila mwaka, Ramadhani vilevile. Kwa wengi wetu harusi zinasimama, rejesho halisimami.

Wewe ambaye huna kitu kabisa, unaanza leo na hela ndogo, sitakuficha. DSLR ya mtumba iliyotunzwa, pamoja na hiyo 50mm, inakutosha kujifunzia na kuanza kuingiza pesa za mahafali na kipaimara. Kuwa macho na mirolesi za bei ya kutupwa, kama zile Canon M50. Kamera si mbaya, ni ya 2018, ila familia yake ya M Canon wameshaiacha, na lenzi zake hazivaliki kwenye R hata kwa adapta. Ukizinunua, utazikwa nazo.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo ukifika dukani usione haya kukagua. Nenda na betri yako iliyojaa na kadi yako. Vua lenzi, uimulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba zimetambaa ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Sisi wa pwani unyevu wetu unaipenda sana, na ikishaota ndani kuitoa ni kazi ya fundi na gharama. Bana tundu mpaka f/16, piga ukuta mweupe, kuza picha utafute madoa. Ukivua lenzi kwenye mirolesi sensa iko wazi mbele yako, basi usiachie mtu apulize kwa mdomo, mate yatabaki humo. Umuulize muuzaji imepiga picha ngapi. Akisema "chache tu", mwambie akuonyeshe. Risiti udai, yenye namba ya kamera iliyoandikwa chini ya kitako chake. Akisema kitabu cha risiti kimeisha, funga begi lako, uondoke.