SOMO LETU: KAMBA IKINASA KWENYE RAFADHA



Tuchukue mfano. Ni saa nane za usiku. Boti ya dagaa inarudi mwalo wa Kibirizi. Ndani wamo watu wanne, wamechoka. Upepo umeanza kuvuma. Ghafla mashine inanguruma kwa uzito, inatetemeka, kisha inazimika. Kumbe kamba ya wavu iliteleza majini, na hakuna aliyeiona. Imejizungusha kwenye rafadha.

Kijana mmoja anainama nyuma ya boti na kuingiza mkono majini. Mwenzake hana habari. Anavuta kamba ya kuwashia mashine.

Ndugu, hapo ndipo vidole hukatika. Katika mashine nyingine, hasa zile kuukuu, ukivuta kamba ya kuwashia huku gia imeingia, rafadha huzunguka hata kama mashine haikuwaka. Ndiyo maana leo tumechagua somo hili. Wengi wetu hapa Gungu tuna ndugu ziwani, au sisi wenyewe tunapanda boti za Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini.

Rafadha ni kitu gani?

Rafadha ni kile chuma chenye mapanga kinachozunguka majini nyuma ya boti. Wengine huiita panga boi, wengine feni. Inasukuma maji nyuma, nayo boti inakwenda mbele. Inazungushwa na chuma kirefu kiitwacho shafti.

Ziko pia boti ambazo hazina rafadha nje. William Hamilton, mfugaji wa kondoo wa New Zealand, alizitengeneza miaka ya 1950 kwa ajili ya mito yenye maji machache. Boti hizo hunyonya maji chini kupitia chujio, na pampu huyatupa nyuma kwa nguvu. Je, zimepona na kamba? Hapana. Kamba hunyonywa pamoja na maji ikajifunga ndani, mahali pabaya zaidi kufikia. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni moja kwa boti zote: ZIMA MASHINE KWANZA.

Tufanye nini?

1. Zima mashine. Toa gia, iache huru. Mafundi huiita nyutro. Kisha chomoa waya wa plagi, au waya zote kama plagi ni zaidi ya moja. Sasa hakuna anayeweza kuiwasha kwa bahati mbaya. Waambie wenzako kwa sauti: "Mkono uko kwenye rafadha!"

2. Elekeza mbele ya boti kwenye mawimbi. Boti ikilala ubavu, maji huingia. Tumia kasia. Nanga haitasaidia mkiwa mbali na pwani, kwa sababu ziwa letu ni la pili duniani kwa kina, baada ya ziwa Baikal la Urusi. Mahali pengine kina kinafika karibu mita 1,470. Badala yake, funga ndoo kwenye kamba na kuitupa majini kutoka mbele ya boti. Ndoo hukokota maji, na boti hubaki imeyaelekea mawimbi.

3. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha. Anayefanya kazi ni mmoja, na mmoja amshike. Wengine wakae chini, katikati. Mkikimbilia nyuma wote, boti itazama upande huo. Asiruke mtu majini. Inueni mashine mpaka rafadha itoke nje ya maji.

4. Tafuta ncha ya kamba. Kumbuka, kamba ilijizungusha mashine ikienda mbele. Kwa hiyo zungusha rafadha kwa mkono, polepole, upande wa kinyume. Funika mkono kwa kitambaa kinene, maana mapanga ni makali. Mwenzako avute ncha taratibu.

5. Kama haitoki, kata. Kisu kizuri ni kile chenye meno, kama cha kukatia mkate. Kata kidogo kidogo, na kisu kielekee mbali na vidole vyako. Kamba ya nailoni ikisuguliwa sana hupata joto, huyeyuka na kushikana kama plastiki. Hapo vumilia. Usipige kwa nyundo.

6. Vipande vyote weka ndani ya boti. Nailoni haiozi. Ukiitupa ziwani leo, kesho itanasa rafadha ya jirani, au yako mwenyewe.

7. Ingiza ndoo na kamba yake ndani KABLA ya kuwasha. Wapo waliotoa kamba moja wakaingiza nyingine! Rudisha waya za plagi, teremsha mashine, washa, kisha angalia kama maji ya kupozea yanatoka. Yasipotoka, zima. Pengine mfuko wa plastiki umeziba tundu la maji.

Wengine huweka gia ya nyuma na kuongeza moto ili kamba ijifungue. Wakati mwingine inaachia. Lakini pia inaweza kukaza zaidi, au kuvunja pini ya rafadha. Haraka haraka haina baraka.

Adui aliyejificha

Mkifika mwaloni salama, msiseme kazi imekwisha. Uzi mwembamba wa wavu hupenda kujificha nyuma ya rafadha, kwenye shafti. Huko kuna mpira mdogo uitwao sili. Kazi yake ni kuzuia maji yasiingie kwenye gia na oili isitoke. Uzi huikata sili polepole. Mashine inaendelea kufanya kazi, mwenye boti anafurahi, kumbe maji yanaingia. Siku moja gia zinasagika.

Kwa hiyo fungueni rafadha mkiwa nchi kavu. Toeni pini, nati na rafadha yenyewe. Pangeni vitu juu ya kitambaa kwa mfuatano wa kuvitoa. Ondoeni nyuzi zote. Kisha angalieni oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Muoneni fundi kabla ya kutoka tena.

Tujifunze mchana

Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa taa hupumzika. Hizo ndizo siku za shule yetu. Kaeni mwaloni, fungueni rafadha na kuirudisha, mpaka mikono izoee. Jambo ambalo mikono imelijua mchana, italikumbuka gizani.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kisu cha meno, koleo, spana, pini za akiba na tochi viwe ndani ya boti, si nyumbani. Kila kifaa kifungeni uzi. Kikianguka ziwani hakirudi. Na kamba za wavu zikunjwe ndani ya boti kabla ya kuwasha mashine. Mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia na kusema, "Nyuma ni safi." Asiposema, mashine isiwashwe.

Wewe unayejua kusoma, andika hatua hizi saba kwa herufi kubwa kwenye kadi. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uiweke kwenye boti. Msomee na yule ambaye bado hajajua.

Hesabu

Tuseme upepo unasukuma boti kilomita 2 kila saa. Boti ya kwanza haina kisu. Wanahangaika saa 3. Boti ya pili ina kisu. Wanamaliza kwa nusu saa. Kila boti imesukumwa kilomita ngapi? (Jibu: ya kwanza 6, ya pili 1.)

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tunachomoa waya wa plagi?
2. Ndoo inasaidia nini boti ikiwa haina mashine?
3. Oili nyeupe inatuambia nini?
4. Katika boti ya ndugu yako, kisu kiko wapi? Leo hii nenda kaulize.