Kurekebisha Ugumu wa Shokapu: Barabarani na Uwanjani

Kazi ya shokapu si kubeba uzito wa gari. Hiyo ni kazi ya springi. Shokapu huituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo au tuta, ili tairi libaki limeshika barabara.

Katika uwanja wa mashindano, ambako lami haina mashimo, shokapu ngumu huzuia gari lisilale upesi kwenye kona. Barabarani, ugumu huohuo huweza kuwa hatari: tairi hurushwa juu, na tairi lisilogusa ardhi halisaidii breki wala usukani.

Ikiwa shokapu zako zina skrubu ya kurekebishia, fuata hatua hizi:

1. Pima upepo wa matairi kabla hayajapata joto.
2. Zungusha skrubu upande wa ugumu hadi ikome, bila kuilazimisha, ukihesabu milio yake. Andika idadi hiyo; ndiyo mpangilio wako wa sasa.
3. Kutoka hapo, irudishe kwa idadi ya milio unayoitaka. Kushoto na kulia kwa ekseli moja pawe sawa.
4. Badilisha mlio mmoja au miwili tu kila mara, kisha jaribu njia ileile.
5. Kabla ya kuondoka uwanjani, rejesha mpangilio wa barabarani.

Shokapu inayovuja mafuta haiponi kwa kurekebishwa. Badilisha zote mbili za ekseli hiyo, na unaponunua, dai risiti pamoja na maelezo ya mtengenezaji.