Kobe mwenye afya si kobe msafi

SWALI: Daktari, mume wangu alinunua kobe mdogo wa maji kwa wavuvi wa Lualaba, na watoto wanamfuga katika beseni. Tukiosha beseni, tunamhamishia kwa muda katika pipa la maji ya jikoni. Jirani amenishauri nifungue kapsuli ya tetracycline ndani ya maji yake ili asafike, ndipo mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu acheze naye bila hofu. Niweke kapsuli ngapi? – Mama wa Mikelenge, Kindu

JIBU: Usiweke hata moja, mama, na kobe huyo asiingie tena katika pipa la jikoni. Ushauri wa jirani umesimama juu ya imani niliyochoka kuikanusha: kwamba mnyama anayekula vizuri na kuogelea kwa nguvu hana cha kumwambukiza mtu, na kwamba hata akiwa nacho, antibiotiki kidogo itakimaliza. Kobe hubeba bakteria wa Salmonella tumboni bila kuumwa nao. Huwatoa kwa kinyesi, tena kwa vipindi: wiki hii wapo, wiki ijayo hawaonekani. Kwa hiyo hata maabara ikipima kinyesi chake isione kitu, jibu hilo ni la siku hiyo tu. Kinyesi huchanganyika na maji ya beseni, maji hulowesha gamba na miguu, na kutoka hapo bakteria huhamia mikononi, sakafuni na kwenye kikombe cha kuchotea. Maji yanaweza kuwa maangavu na bado yakawa nao. Mtoto anayetia vidole mdomoni hahitaji kung'atwa ili aambukizwe.

Sasa hiyo kapsuli. Tetracycline iliyotawanywa katika beseni haifiki utumboni mwa kobe kwa kipimo cha kumaliza bakteria wote. Huua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Jambo hili limekwisha kujaribiwa, tena na watu wenye vifaa kuliko sisi. Wafugaji wa kobe wa Louisiana, Marekani, walitibu mayai kwa gentamicin, dawa ambayo hospitali huwapa watoto wachanga walio mahututi, ili wauze kobe wasio na Salmonella. Baadaye baadhi ya kobe waliouzwa nchi za nje walikutwa bado wanayo, na safari hii ilikuwa sugu kwa gentamicin ileile. Ikiwa wao walishindwa, kapsuli ya sokoni iliyofunguliwa kwa kukisia itafaulu vipi? Tena, mtoto akinywa maji hayo anapata mambo mawili kwa mpigo: bakteria waliozoea dawa, na dawa isiyofaa umri wake, ambayo huweza kuyatia meno yake madoa ya kudumu. Wanaopendekeza kumsugua kobe kwa javeli nao wamekosea, kwa sababu javeli humchoma ngozi na macho, ilhali bakteria wamo tumboni.

Najua nitaambiwa kwamba wazee wetu walishika kobe, wakawapika na kuwala, na hawakufa. Ni kweli kwamba mtu mzima mwenye afya akiambukizwa huharisha siku chache, hupona, na hamkumbuki kobe hata kidogo. Ila hoja hiyo inawahesabu waliopona tu. Mtoto aliyekufa kwa homa zamani aliandikiwa homa, na hakuna aliyeuliza kuhusu beseni. Palipoulizwa, jibu lilipatikana. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa kuwa hao ndio watoto huwashika na kuwatia mdomoni. Mamlaka ya nchi hiyo ilikadiria kwamba marufuku hiyo huwaepusha watoto 100,000 na maambukizi kila mwaka. Hata hivyo, mwaka 2007 mtoto mchanga wa wiki chache alifariki Florida, na bakteria waliomuua walilingana na wale wa kobe aliyekuwa nyumbani.

Wengine watasema hayo ni ya Marekani. Sisi hali yetu ni ngumu zaidi. Simtwiki kobe mzigo wa homa zote za Kindu. Salmonella ina njia nyingi za kumfikia mtoto. Lakini katika Afrika ya kati, Salmonella inayoingia katika damu ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto wa chini ya miaka 5, na humwandama hasa mtoto ambaye malaria imempunguzia damu, mwenye utapiamlo, mwenye virusi vya UKIMWI, au mwenye SS (selimundu), ambaye inaweza kumshambulia hadi mifupani. Mara nyingi mtoto huyo haji na kuhara. Huja na homa tupu inayofanana na malaria. Ndiyo maana TDR (kipimo cha haraka) ikionyesha malaria haimaanishi kwamba hakuna kingine.

Basi kwako wewe, mwenye mtoto mdogo, nashauri kobe arudishwe mtoni alikovuliwa, au apewe nyumba isiyo na mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito wala mgonjwa wa SS. Atakayebaki naye amtengee beseni lisilofanya kazi nyingine, ampe jua na kivuli, samaki wadogo na minyoo, na abadilishe maji mara kwa mara. Maji machafu yamwagwe chooni, mbali na kisima na vyombo, na kila aliyemgusa anawe kwa sabuni papo hapo. Pipa lako limwagwe leo, lisuguliwe kwa sabuni, lisuuzwe kwa maji yenye javeli, kisha lijazwe upya.

Lililobaki nalisema kwa ukali. Mtoto mwenye homa hangojwi siku 3 akinyweshwa vidonge vya duka la dawa huku akipigwa lavema ya majani. Lavema humtoa maji yaliyobaki mwilini. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, akiharisha damu, au viganja vikipauka, usingoje kupambazuke wala usisubiri baba arudi kutoka safarini. Ukifika, mwambie muuguzi mambo mawili bila kuulizwa: dawa zote alizokwisha kumeza, na kwamba nyumbani kulikuwa na kobe. Muuguzi hawezi kubuni hilo la pili, na huenda ndilo litakalomfanya atafute zaidi ya malaria.