Dominika ni ya Mtumishi Pia

Amri ya tatu ya Mungu yatuagiza kuitakasa siku ya Bwana. Watoto wetu huijua kwa moyo kabla ya Komunyo ya kwanza, nasi wazee twaikariri bila kukwama. Lakini kuikariri si kuishika. Leo twapenda kuitazama pamoja na wasomaji wetu, hasa sehemu yake moja ambayo jamaa nyingi za Wakatoliki huipita upesi.

Tuanze na asili yake. Katika kitabu cha Kutoka, sababu ya pumziko ni uumbaji: Mungu alipumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, yatajwa sababu ya pili. Waisraeli walikuwa watumwa katika nchi ya Misri, na Mungu aliwatoa huko. Kwa hiyo wasimnyime mtumwa wao, wala mjakazi, wala mgeni, wala hata ng'ombe na punda, pumziko walilopewa wao wenyewe. Sabato, basi, haikuwekwa kwa ajili ya ibada peke yake. Iliwekwa pia ili mnyonge avute pumzi. Sisi Wakristo twashika Dominika kwa kuwa Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma, na siku hiyo waumini walikusanyika kuumega mkate, kama Matendo ya Mitume, sura ya 20, yanavyosimulia. Siku ilibadilika, haki ya mtumishi haikubadilika.

Huenda mkulima wa Singida akauliza: “Nami nifanyeje?” Swali lake ni la haki. Huko Iramba, Ikungi, Mkalama na Manyoni mvua ni ya msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na mwaka mwingine hukatika kabla mtama na uwele havijakomaa. Ardhi ikilowa leo, kesho huenda ikawa imekauka. Jambo hili lilifikiriwa zamani. Kaisari Konstantino, alipotoa sheria mwaka 321 kwamba mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku hiyo, aliwaruhusu wakulima waendelee na kazi, wasije wakakosa majira ya kupanda. Kanisa nalo lafundisha, katika Katekisimu ya mwaka 1992, kwamba haja ya kweli ya jamaa au huduma kubwa kwa watu yaweza kumfungulia mtu wajibu wa kupumzika, ila isigeuke mazoea yenye kuidhuru dini, jamaa na afya.

Bwana mwenyewe, alipolaumiwa kwa kumponya siku ya Sabato mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka 18, aliwakumbusha wapinzani wake kwamba hata wao siku hiyo humfungua ng'ombe au punda na kumpeleka kunywa maji. Mfugaji yeyote wa Singida aielewa hoja hiyo. Vivyo hivyo muuguzi wa Itigi au Makiungu hawezi kumwacha mgonjwa kitandani. Hao hawaivunji amri. Aivunjaye ni yule ambaye haja yake imekwisha lakini tamaa yake haijaisha.

Sasa tuje kwenye shabaha yetu. Mabinti wengi huondoka katika vijiji vya Singida, kama vile vya Dodoma na Iringa, kwenda Dar es Salaam na miji mingine kufanya kazi za nyumbani. Wengi wao wamebatizwa; huko kwao waliimba kwaya na kusali kigangoni. Wafikapo mjini, wengine hupokewa vema. Lakini wako ambao Dominika asubuhi huwapigia pasi wenye nyumba nguo za Misa, huwafungia lango wakitoka, kisha hubaki jikoni wakipika chakula cha sikukuu. Tajiri wao arudi amepokea Ekaristi. Yeye hajaketi tangu alfajiri. Nyumba njema si mlango.

Twasikia jibu: “Ni kama mtoto wetu, anakula kwetu na kulala kwetu.” Vema. Mtoto wenu huenda Misa, hucheza, hutembelea rafiki zake. Kama huyu ni mtoto, apewe Dominika ya mtoto. Kama ni mfanyakazi, sheria ya Tanzania Bara ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka 2004, yampa mfanyakazi mapumziko ya kila juma yasiyopungua saa 24 mfululizo, wala haikumbagua mtumishi wa nyumbani. Papa Leo wa XIII aliitetea haki ya wafanyakazi ya kupumzika Dominika mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum. Na Katekisimu yamwonya kila Mkristo asimtwike mwenzake, bila haja, kazi itakayomzuia kuishika siku ya Bwana.

Yatupasa kufanya nini? Kwanza, chakula cha Dominika kiandaliwe Jumamosi, au jamaa yote ishike kazi, baba na wavulana wakiwamo. Kuosha vyombo hakumpunguzii mtu heshima. Pili, binti aende Misa na arudi kwa wakati wake, naye apate saa za kupumzika asizoulizwa atafanya nini. Tatu, akiwa Mwislamu, Mlutheri au Msabato, aachiwe nafasi ya ibada yake kwa heshima ile ile. Nne, wazazi walioko vijijini, kabla ya kumtoa binti, waulize si mshahara tu, bali na siku yake ya kupumzika. Naye padre au katekista ampe barua ya kumtambulisha katika parokia aendayo, asiwe mgeni kanisani.

Ndugu wasomaji, Mungu hakutuuliza kama sisi tumepumzika tu. Aliwataja na walio chini ya mkono wetu. Dominika ijayo, kabla ya kutoka kwenda kanisani, kila mwenye nyumba atazame nyuma aone ni nani anayebaki, na kwa nini.