Karpi wa Denver na Waliyonifunza

Ukitaka kumvua karpi kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyovikwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu au kamba wa mtoni, jiandae kuchekwa. Huku Marekani heshima yote amepewa trauti. Karpi waliletwa Baltimore kutoka Ujerumani mwaka 1877, wakapandikizwa kwa fahari wawe kitoweo, kisha wakageuka kuitwa waharibifu. Mimi nimezeeka nikiwafuata katika Mto South Platte, katikati ya jiji la Denver, chini ya madaraja.

1. Miguu ndiyo inayoanza kuvua

Nilijisifu kwa kurusha mshipi mbali. Asubuhi moja nikawaona karpi wakichimbua tope, mikia ikichungulia juu ya maji, nami nikaingia mtoni kwa kishindo kama anayekwenda kuogesha ng'ombe. Sikuwahi hata kuinua fimbo. Karpi ana vifupa vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio, hivyo kokoto zikisuguana chini ya buti, habari imeshamfikia. Tembea ukingoni, polepole, umkaribie. Siku hizi narusha umbali ambao zamani ningeuonea haya.

2. Usingoje kuvutwa

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Trauti hukushtua mkono. Karpi hufyonza chambo, akakionja, akakitema, na mshipi usitikisike hata kidogo. Nilikuwa nimesimama nikimtazama mmoja aliyeinamisha kichwa, nikisubiri anivute, hadi kijana aliyekuwa juu kwenye njia ya baiskeli, asiye na fimbo wala ndoana, akapaza sauti kwamba samaki ameshakula. Alikuwa ameshatema pia.

Kwa hiyo soma kichwa. Chambo kitue sentimita 20 hivi mbele ya pua na kuzama. Ukimdondoshea utosini, umemfukuza. Akigeuka au kuinama ghafla pale kilipo, kaza mshipi, bila kuunyakua. Maji yakiwa ya tope usiweze kumwona, nenda kanywe chai.

3. Fimbo ya trauti ibaki nyumbani

Niliona ubahili ni akili, nikaenda na fimbo nyembamba. Karpi wa kilo tano na ushei aliivunja akielekea nguzo ya daraja. Chukua namba 7 au 8, na kabla hujatoka, jaribu breki ya gurudumu la mshipi kwa mkono. Yangu ilikuwa imeganda kwa mchanga wa msimu uliopita.