Uzazi Unataka Utulivu: Vidokezo 6 kwa Watu wa Kisiwa cha Chovai

Kiumbe akihisi hatari, mwili humwaga homoni za adrenalini na kortisoli ili ajiokoe kwanza. Hofu, njaa au dhiki ikidumu, ubongo hupunguza ishara zinazoamsha ovari na korodani. Ndivyo ilivyo kwa mnyama, na ndivyo ilivyo kwetu.

1. Zima tochi kasa akipanda pwani. Akiona mwanga au watu wakimkaribia kabla hajataga, huweza kugeuka na kurudi baharini. Kiota kimoja huwa na mayai 100 hivi au zaidi. Kaa mbali mpaka afukie shimo lake.

2. Usimsumbue mbuzi mwenye mimba. Kukimbizwa, kiu, jua kali na kubanwa chomboni vinaweza kumharibia mimba. Kama safari ya Kismayu yaweza kungoja, ingoje.

3. Mpe kuku faragha. Anayetishwa kila mara hupunguza kutaga, na anayetamia huweza kuyaacha mayai.

4. Mlishe binti tangu utotoni. Nyani wa Amboseli, Kenya, wanafuatiliwa na watafiti tangu 1971. Ukame wa 2009 ulipokaza, majike waliozaliwa miaka ya dhiki walipungukiwa uwezo wa kuzaa kuliko waliozaliwa miaka ya neema. Shibe ya mtoto ni akiba ya uzazi wake.

5. Hedhi ikikatika, tazama maisha pia. Uholanzi, katika njaa ya 1944 hadi 1945, wanawake wengi walikosa hedhi na vizazi vikashuka. Chakula kiliporudi, uzazi nao ukarudi. Basi mama aliyepita vita na ukimbizi, kama Wabajuni wengi wa Somalia tangu 1991, asiitwe tasa. Ale vizuri, alale, apate wa kumsikiliza, na aonane na mkunga au daktari.

6. Mume naye apimwe. Msongo unaweza kushusha testosteroni na kudhoofisha mbegu. Mkikaa mwaka bila mimba, au miezi 6 ikiwa mke amepita miaka 35, nendeni hospitali pamoja. Huenda tatizo ni mirija ya uzazi iliyoziba kwa maambukizi, na hilo haliponi kwa kuambiwa "tulia".

Nanyi mawifi na wakwe, acheni kumuuliza mke kila mwezi kama kuna habari. Swali hilo ni mzigo, na tayari anao wa kutosha.