Soriasisi: Ngozi Inayoharakishwa

Mwenye soriasisi anapoinuka kitini, mara nyingi magamba meupe hubaki pale alipokaa. Kuna nyumba ambazo baada ya hapo kikombe chake hutengwa, taulo lake hutengwa, hata mkeka wake. Kumtenga hivyo hakumkingi mtu yeyote. Soriasisi haiambukizi kwa kugusana, kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kuogea beseni moja. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliitambua rasmi kuwa ugonjwa wa kudumu usioambukiza. Chanzo chake kimo ndani ya mwili wa mgonjwa, na kinahusisha protini ndogo ziitwazo sitokini.

Sitokini ni matarishi wa kinga ya mwili. Ukijikata kidole ukimenya vitunguu, chembe za kinga huzitoa ili kuitana: njooni huku, pana jeraha. Mahali pale hupata joto, huvimba, huuma. Kidonda kikipona, wito hukoma. Kwa mwenye soriasisi wito haukomi, na jeraha lenyewe halipo. Matarishi watatu ndio wanaojulikana zaidi: TNF-alfa, intalukini 23 na intalukini 17. Intalukini 23 huchochea chembe nyeupe fulani za damu zitoe intalukini 17 kwa wingi. Hiyo nayo huzifikia seli za ngozi ya juu na kuzihimiza zizaane. Seli hizo zikishachemka, huita chembe nyeupe nyingine, na moto unazidi kutiwa kuni.

Kwa kawaida seli ya ngozi huchukua takriban mwezi mmoja tangu kuzaliwa chini hadi kupukutika juu. Kwenye baka la soriasisi ni siku chache tu. Seli hufika juu zikiwa changa, hushikana, hurundikana. Hayo ndiyo magamba. Basi weka kando dodoki na jiwe la kusugulia. Ukilibandua gamba kwa nguvu vitatoka vitone vya damu, na jeraha hilo laweza kuzaa baka jipya.

Picha nyingi za vitabuni huonyesha mabaka mekundu. Kwenye ngozi nyeusi baka huwa la zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, hasa kwenye viwiko, magoti na kichwani, na kucha huingia vishimo kama vya ncha ya sindano. Ndiyo maana wengi hupewa dawa za fangasi kwa miezi bila nafuu. Lakini baka lisilohisi mguso ni dalili ya ukoma, nao hutibika kabisa: nenda ukapimwe.

Ujumbe huo wa sitokini hauishii ngozini. Vidole vikivimba, au ukiamka viungo vimekakamaa, mweleze daktari mapema, kwani kiungo kikishaharibika hakirudi kilivyokuwa.

Ugonjwa huweza kuamshwa na maambukizi ya koo, msongo wa mawazo, pombe, sigara, na dawa kama klorokwini, litiamu na baadhi ya dawa za presha. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Vidonge vya steroidi vikikatwa ghafla vyaweza kuulipua ugonjwa mwili mzima.

Soriasisi haina dawa ya kuing'oa, ila hutulizwa. Jipake mafuta mazito, hata vasilini, mara baada ya kuoga. Daktari aweza kuongeza marhamu, tiba ya mwanga au methotreksati. Vidonge vya methotreksati kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki. Wapo waliovimeza kila siku kwa makosa wakafa. Mjamzito asivitumie kabisa.

Zipo pia sindano zinazozizuia sitokini zenyewe. Ni ghali, na kabla ya kuzianza hupimwa kifua kikuu, kwa kuwa TNF-alfa ileile inayoiunguza ngozi ndiyo inayosaidia kuvifungia vijidudu vya kifua kikuu visisambae.

Wewe unayeishi na mgonjwa, mpake mafuta mgongoni asipofika mwenyewe, na kikombe chake kirudishe kabatini pamoja na vya wengine.